Nchi moja ya Waserbia wote: walikuwa nayo kabla ya vita

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, nitauleta kwa vipande. Maswali yaje tu, nitajibu kadiri ninavyojua. Nilisoma Serbia kwa udhamini wa serikali yao, mwaka wa kwanza wote ukiwa wa lugha tupu, kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia kwa wenyewe, mezani na kwenye mabasi, kabla sijayasoma popote.

Nianzie stendi. Mara ya kwanza kwenda Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, nilipanda basi Belgrade usiku, tukavuka mto Drina, tukapanda milima, na alfajiri dereva akatangaza tumefika. Nikashuka. Vibao vimeandikwa kwa herufi za Kisirili, bendera inayopepea ni ya rangi tatu za Waserbia, na ule mji wa misikiti na madaraja ya mawe niliouona kwenye picha haupo. Mama mmoja mtu mzima mwenye vikapu viwili akaniona nimeduwaa. Akaniambia, "Mwanangu, hii ni Sarajevo ya Mashariki. Ile nyingine iko pale." Akanyoosha kidole. Nikatembea dakika chache kati ya maghorofa ya kawaida, nguo zimeanikwa kwenye roshani, watoto wanakwenda shule. Hakuna geti, hakuna askari, hata mstari barabarani hakuna. Mara vibao vikawa vya herufi za Kilatini, nikakuta basi la umeme la Dobrinja, nikapanda mpaka mjini.

Mpaka huo usioonekana, kati ya sehemu ya Waserbia na sehemu nyingine ya Bosnia, ndio matunda ya vita vya miaka mitatu na nusu, vilivyoua watu wapatao 100,000 Bosnia peke yake.

Hoja yangu naitoa mapema ili tusipoteane. Mwaka 1991 Waserbia waliambiwa na viongozi wao kwamba wanapigana ili Waserbia wote wakae katika nchi moja. Nchi hiyo walikuwa nayo. Iliitwa Yugoslavia. Mserbia wa Knin, wa Sarajevo, wa Pristina, wa Podgorica na wa Belgrade walibeba pasipoti moja na kutumia dinari moja, na mtoto wa mmoja alioa kwa mwingine bila kuvuka mpaka wowote. Leo wanaishi Serbia, Bosnia, Kroatia, Montenegro, Macedonia Kaskazini, na Kosovo ambayo nusu ya dunia inaiita nchi na nusu nyingine haiiti. Sijui taifa jingine Ulaya ya zama zetu lililoongozwa vibaya kiasi hicho kwa jina la kulipenda.

#2 Mleta uzi

Naendelea. Kabla hatujawahukumu watu wa kawaida, tujue hofu yao haikutoka hewani. Kati ya 1941 na 1945, Kroatia ilitawaliwa na Waustasha, mafashisti wa Kikroatia, chini ya mwavuli wa Wanazi, na Waserbia waliuawa kijiji kwa kijiji. Kituo cha kumbukumbu cha kambi ya Jasenovac kimeorodhesha majina 83,145 ya waliofia pale, wengi wao Waserbia, wengine Waroma na Wayahudi. Bibi aliyezika ndugu zake mwaka 1942 alikuwa bado hai 1991. Televisheni ya Belgrade ilipomwambia kila jioni kwamba Waustasha wamerudi, angekataaje? Hapo ndipo lawama yangu kwa wanasiasa inapokuwa nzito zaidi: walichukua msiba wa kweli wakaufanya mtaji.

Rafiki yangu wa chuo ni mtoto wa wakimbizi wa Krajina, ile sehemu ya Kroatia ambako Waserbia walijitangazia jamhuri yao mwaka 1991, makao makuu Knin. Slobodan Milošević, rais wa Serbia, aliwaunga mkono, akawapa silaha, na mambo yalipomgeukia akawaacha. Tarehe 4 Agosti 1995 jeshi la Kroatia likaingia. Siku chache tu jamhuri ikawa haipo tena, na Waserbia wapatao 200,000 wakawa barabarani kuelekea mashariki, matrekta na matela kilomita kwa kilomita. Baba wa rafiki yangu alipakia mke, watoto, mama yake mzazi na magodoro. Jambo analolirudia hadi leo, akishakunywa glasi moja ya rakija, ni kwamba alisahau kumfungua mbwa mnyororo. Vita alivyopigana havizungumzii kabisa. Anamzungumzia mbwa.

Hesabu ya Kroatia inatosha kueleza: mwaka 1991 Waserbia walikuwa asilimia 12.2 ya watu wote, sensa ya 2021 ikawakuta ni asilimia 3.2.

Sarajevo nayo. Mkataba wa amani wa Bosnia ulipokabidhi vitongoji vya Waserbia kwa upande wa pili, yaani Waislamu wa Bosnia na Wakroatia, mwanzoni mwa 1996, viongozi wao waliwahimiza waondoke, na wengine walitishwa na watu wao wenyewe. Ilikuwa baridi kali. Watu waling'oa madirisha na milango wakapakia kwenye malori. Halafu wakaenda makaburini na sururu, wakafukua wafu wao katika ardhi iliyoganda, wakaondoka na majeneza. Wengi wa askari waliofukuliwa walizikwa upya Sokolac, mji mdogo milimani. Nimefika pale. Misalaba imepangwa safu safu, na vijana waliolala chini yake wamezikwa mara mbili.

#3 Mdau

Mkuu uzi mzuri ila naona unawatwisha Waserbia mzigo wote. Yugoslavia haikuvunjwa na wao. Slovenia na Kroatia ndizo zilizojitangazia uhuru tarehe 25 Juni 1991, Ujerumani ikakimbilia kuzitambua. Na NATO imewapiga mabomu Waserbia siku 78 mwaka 1999 bila ruhusa ya Baraza la Usalama. Mbona hayo huyasemi?

#4 Mleta uzi

Ndugu yangu, swali la haki kabisa. Kujitoa kulianza kaskazini, kweli. Lakini rudi nyuma miaka miwili. Baada ya Tito, kiongozi wa Yugoslavia, kufariki Mei 1980 nchi iliongozwa na urais wa pamoja wa watu wanane: jamhuri sita na majimbo mawili yenye mamlaka yake ndani ya Serbia, Vojvodina na Kosovo. Milošević akawang'oa viongozi wa Vojvodina, akawang'oa wa Montenegro, mwaka 1989 akaondoa mamlaka ya Kosovo. Akawa na kura nne kati ya nane mkononi mwake. Mslovenia akitazama meza ile aliona nini? Aliona muungano wa usawa umekwisha na ubwana umeanza. Siwasafishi viongozi wa Kroatia, rais wao Tuđman alikuwa na yake, na Waserbia wa Kroatia walikuwa na sababu ya kumwogopa. Lakini mwenye nguvu ndani ya muungano ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kujizuia, na huyo hakujizuia.

Mabomu ya 1999 yaliua raia, na mtu wa Belgrade akikuonyesha jengo la wizara ya ulinzi lililobaki gofu mtaa wa Kneza Miloša, usimkatishe. Msikilize. Mimi nilikosea mara moja, nilianza kumjibu mzee mmoja kwa kumtajia mauaji ya Srebrenica, yaliyofanywa na Waserbia wa Bosnia, kabla hajamaliza habari za jirani yake aliyekufa. Aliinuka mezani. Nilikuwa na hoja, na nilikuwa mkosefu wa adabu.

#5 Mleta uzi

Sasa dola yenyewe. Watu wengi huchanganya Serbia na Republika Srpska. Serbia ni nchi, mji mkuu Belgrade. Republika Srpska ni sehemu ya Bosnia na Herzegovina, mji wake mkubwa Banja Luka, iliyotangazwa na Waserbia wa Bosnia tarehe 9 Januari 1992, miezi kadhaa kabla vita havijalipuka kikamilifu kule. Mkataba uliofikiwa Dayton, Marekani, Novemba 1995 na kusainiwa Paris Desemba 14, uliipa asilimia 49 ya ardhi. Wabosniaki (yaani Waislamu wa Bosnia) na Wakroatia wakapewa asilimia 51 waishi kwenye shirikisho lao. Katiba ya nchi nzima ni Kiambatanisho cha 4 cha mkataba huo. Katiba imekaa kama kiambatanisho, baada ya ramani na habari za majeshi.

Urais una viti vitatu: Mbosniaki, Mkroatia, Mserbia. Mserbia lazima atoke Republika Srpska. Mserbia aliyebaki Sarajevo vita vyote, akala njaa na majirani zake chini ya mizinga iliyokuwa ikipigwa na Waserbia wenzake kutoka milimani, hawezi kugombea kiti cha Waserbia. Myahudi au Mroma hawezi kugombea chochote kati ya hivyo vitatu. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 2009 kwamba huo ni ubaguzi, na kanuni ile bado ipo.

Na juu ya wote anakaa mgeni, Mwakilishi Mkuu wa jumuiya ya kimataifa, ambaye tangu Desemba 1997 amekuwa na uwezo wa kutunga sheria na kufukuza viongozi waliochaguliwa. Hilo mimi silipendi, na Mserbia akilalamikia hilo nakubaliana naye. Watu hawajifunzi kujitawala wakiwa na mlezi kwa miaka 30.

Republika Srpska ina rais, bunge, polisi na shule zake. Jeshi haina, lilifutwa na kuunganishwa mwanzoni mwa 2006. Kodi ya ongezeko la thamani inaingia kwenye akaunti moja ya nchi nzima, ndipo inagawanywa. Na ukiangalia ramani utaona imekatika katikati: Brčko, mji ulioko pale inapobana zaidi, ulifanywa wilaya ya pekee mwaka 2000, si wa upande wowote. Kwa hiyo kila anayeahidi kujitenga anajua kwamba nchi hiyo itakuwa vipande viwili visivyogusana, bila jeshi, na mfuko wa fedha uko kwingine.

Milorad Dodik, mwanasiasa aliyeitawala Republika Srpska kwa miaka mingi, anayajua haya kuliko mimi. Alipokuwa waziri mkuu mara ya kwanza, 1998, nchi za Magharibi zilimshangilia kama mtu wa wastani aliyekuja kuwaondoa watu wa Karadžić, kiongozi wa Waserbia wa Bosnia wakati wa vita. Aliporudi 2006, mwaka ambao Montenegro ilijitenga na Serbia kwa kura ya maoni ya asilimia 55.5, akagundua kwamba neno "kura ya maoni" linaleta kura kuliko barabara na hospitali. Tangu hapo amelitamka karibu kila msimu. Aliitisha moja kweli, Septemba 2016, kuhusu kuendelea kusherehekea 9 Januari baada ya Mahakama ya Katiba kuipinga sikukuu hiyo. Ya kujitenga hajaiitisha hata siku moja. Tarehe 26 Februari 2025 mahakama ya Bosnia ilimhukumu mwaka mmoja jela na kuzuiwa siasa miaka sita kwa kukaidi maamuzi ya Mwakilishi Mkuu. Rufaa ikagonga mwamba Agosti, akavuliwa urais, na uchaguzi wa mapema ukafanyika Novemba 23, chama chake kikimsimamisha mtu wake wa karibu.

Wakati huo Banja Luka vijana wanasoma Kijerumani jioni. Nilikaa siku nne kwa jamaa pale, na ubao wa matangazo karibu na kwao ulikuwa umejaa karatasi za kozi za Kijerumani na nafasi za kazi kwa wauguzi na madereva wa malori, nchi za nje. Dola iliyomwagiwa damu ili Waserbia wawe na mahali pao, watoto wa waliopigana wanatafuta namna ya kutoka.

#6 Mdau

Kaka, salamu kutoka Nakuru. Sisi Kenya tuliitambua Kosovo Machi 2025 na hapa wengi hawakujua hata ni nini. Kwa nini Serbia inang'ang'ania mahali ambapo Waserbia ni wachache?

#7 Mleta uzi

Karibu sana. Naam, ilikuwa tarehe 26 Machi 2025, na Belgrade iliumia, kwa sababu Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi kubwa za Afrika zilizokuwa bado hazijatambua.

Kosovo kwao ni kama kaburi la babu. Monasteri zao za kale ziko huko, na Vita vya Kosovo vya 1389 dhidi ya Waturuki ndivyo mtoto anavyosimuliwa kabla hajajua kusoma. Siku yenyewe ni Juni 28, Vidovdan. Milošević alihutubia umati mkubwa pale Gazimestan siku hiyo mwaka 1989. Miaka 12 baadaye, Juni 28, 2001, serikali mpya ya Serbia ilimpeleka The Hague, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya uhalifu wa vita. Waziri mkuu aliyefanya hivyo, Zoran Đinđić, aliuawa kwa risasi nje ya ofisi za serikali Machi 12, 2003. Hiyo nayo ni bei ambayo Mserbia aliyetaka njia nyingine aliilipa, na nje ya nchi yao hasemwi sana.

Kosovo ilijitangazia uhuru Februari 17, 2008. Katiba ya Serbia ya 2006 inasema ni sehemu ya Serbia, na rais anaapa kuilinda akiitaja kwa jina. Basi rais anaapia ardhi asiyoweza kupeleka hata polisi mmoja. Akiiachia ni msaliti, na kuirudisha hana uwezo, kwa hiyo amejifunza kuishi katikati na kuifanya hali hiyo kuwa kazi yake.

Anayeumia ni Mserbia wa Mitrovica Kaskazini, mji wa Waserbia ndani ya Kosovo. Waalbania, ambao ndio wengi Kosovo, wamemtendea mabaya pia, msisahau Machi 2004, makanisa yalichomwa na watu wakafukuzwa majumbani. Februari 2024 Kosovo ikakataza dinari ya Serbia, euro peke yake ndiyo halali. Wazee wanaolipwa pensheni na Serbia ikabidi wasafiri kuvuka kwenda kuchukua pesa zao. Mzee wa miaka themanini ndani ya basi kwa ajili ya pensheni, huku Belgrade na Pristina, mji mkuu wa Kosovo, kila mmoja akimwita ushahidi.

#8 Mdau

Mimi niko Arusha. Pale Lakilaki kuna majengo ya mahakama ya Umoja wa Mataifa, nasikia yanahusiana na hawa. Ni kweli?

#9 Mleta uzi

Ni kweli kabisa, na nashukuru umeliuliza. Mahakama ya Rwanda iliyokuwa Arusha na ile ya Yugoslavia iliyokuwa The Hague zilipomaliza muda wake, kazi zilizobaki zilipewa chombo kimoja chenye matawi mawili, Arusha na The Hague. Majaji waliohukumu rufaa za wakubwa wa Waserbia wa Bosnia walitoka humo. Rufaa ya Radovan Karadžić ilipoamuliwa Machi 20, 2019, miaka 40 ikageuzwa kifungo cha maisha, Jaji William Sekule, Mtanzania, alikuwa kwenye jopo. Ya Ratko Mladić, mkuu wa jeshi la Waserbia wa Bosnia, Juni 8, 2021, iliongozwa na Jaji Prisca Nyambe wa Zambia, ambaye binafsi alitofautiana na wenzake, na Jaji Elizabeth Ibanda-Nahamya wa Uganda alikuwamo. Mladić alibaki na kifungo cha maisha. Kosa kubwa kuliko yote ni Srebrenica, Julai 1995: wanaume na wavulana wa Kibosniaki zaidi ya 8,000 waliuawa kwa siku chache, wakafukiwa, kisha wengi wakafukuliwa kwa matingatinga na kuhamishwa ili wasionekane. Ndiyo maana kuna mama aliyezika mfupa mmoja wa mwanawe, na baada ya miaka akaitwa tena kwa mfupa mwingine.

Rwanda ilisimama pamoja na Ujerumani mwaka 2024 kupeleka azimio Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la siku ya kukumbuka mauaji hayo ya kimbari. Mei 23 lilipita: 84 ndiyo, 19 hapana, 68 hawakuunga upande. Rais Vučić wa Serbia alikaa ukumbini amejifunga bendera mabegani, na kwa wiki kadhaa nyumbani watu waliambiwa dunia inawaita Waserbia taifa la wauaji. Maandishi ya azimio hayawataji Waserbia mahali popote, na yanasema hatia ni ya mtu binafsi. Nililisoma lote, neno kwa neno. Mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa na hasira nalo sana hakuwa amelisoma, na aliposoma alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kwa nini hawakutuambia?"

Taifa zima halina hatia ya Mladić. Wanaomchora kwenye kuta za Belgrade ndio wanaoifanya hatia yake iwe ya wote.

#10 Mdau

Na vijana? Tuliona maandamano makubwa Serbia mwaka 2025. Hao nao ni wazalendo wa aina ile ile au kuna kipya?

#11 Mleta uzi

Novemba 1, 2024 paa la zege la stesheni ya reli ya Novi Sad, iliyokuwa imetoka kukarabatiwa, liliporomoka juu ya watu waliokaa chini yake. Walikufa 16, wengine wakiwa watoto. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi lile mara nyingi nikingoja treni ya Belgrade. Wanafunzi walianza kwa kusimama kimya dakika 15 njia panda, wakafunga vyuo, waziri mkuu akajiuzulu Januari 2025. Walichodai ni hati za ujenzi ziwekwe wazi na taasisi zifanye kazi yake. Kwa mara ya kwanza tangu nizifahamu siasa zao nilisikia umati mkubwa ukiuliza dola inafanya nini. Kabla ya hapo swali lilikuwa inaishia wapi.

Sitawadanganya kwamba uzalendo wa zamani umeondoka. Vidovdan ya 2025, jukwaani kwa wanafunzi hao hao, zilitolewa hotuba za Kosovo ambazo zingeweza kutolewa 1989, na marafiki zangu wengine waliondoka mapema uwanjani.

Lakini Aprili 2025 kulikuwa na maandamano Novi Pazar, mji wa kusini ambako Waislamu wa Kibosniaki ndio wengi. Wanafunzi kutoka pande zote za Serbia walikwenda huko. Yule rafiki yangu, mtoto wa trekta la Krajina, alikwenda pia. Alinipigia simu usiku, sauti imekauka kwa kupiga kelele. Akaniambia familia moja iliwakaribisha yeye na wenzake watatu, wakalishwa mpaka wakashindwa kuinuka, mama mwenye nyumba akawatandikia sebuleni. Walipomuuliza anatoka wapi akasema wazazi wake ni wakimbizi wa 1995. Baba wa nyumba ile akamjibu kwamba na wao walikuwa na jamaa waliokimbia Bosnia, mwaka 1992.

Nikamuuliza, hukuwahi kufika Novi Pazar kabla? Akasema hapana. Ana miaka 27, amezaliwa Serbia, na ndiyo mara yake ya kwanza. Akaniuliza kama mimi niliwahi kufika. Nikamwambia ndiyo, mara mbili. Akacheka kidogo, halafu akaniomba nimtajie sehemu nyingine za nchi yake ambazo anapaswa kwenda.